Malale na Umeme wa Moyo

Ukipanda mto Lualaba kutoka Kisangani unapita Lokandu, kisha Kindu. Ukizidi kwenda kusini unaingia nchi ya Kasongo. Huko ndiko Joseph Dutton, daktari wa Liverpool aliyekuwa akichunguza malale nchini Kongo, alikofia Februari 27, 1905. Miaka mitatu kabla yake, huko Gambia, alikuwa ametambua kimelea cha malale katika damu ya binadamu. Lakini si malale iliyomuua, bali homa ya papasi, ambayo nayo alikuwa akiichunguza safarini.

Malale huenezwa na mbung'o, na watu huifahamu kama ugonjwa wa ubongo: mgonjwa husinzia mchana, usiku yu macho, tabia yake hugeuka, na asipotibiwa hupoteza fahamu. Moyo wake hauzungumzwi sana. Hata hivyo, mashine ya ECG, inayopima umeme wa moyo, ikifungwa kifuani, mara nyingi karatasi hutoa mistari isiyo ya kawaida.

Moyo una kituo chake cha umeme katika chumba cha juu cha kulia, na unaweza kupiga bila kuamriwa. Kazi ya ubongo ni kuuongoza. Neva ya vagasi, itokayo kwenye shina la ubongo, hupunguza mapigo; neva nyingine huyaharakisha. Ubongo ukiumia, amri hizo huvurugika na adrenalini hufurika mwilini. Mwaka 1954 George Burch na wenzake wa Marekani walieleza wagonjwa wa kiharusi waliokuwa na mawimbi makubwa ajabu kwenye ECG na muda wa QT uliorefuka. Daktari asiyejua angetafuta kasoro moyoni, kumbe chanzo kiko kichwani.

Muda wa QT ni ule ambao vyumba vya chini vya moyo hushtuliwa na umeme, kisha vikajiandaa upya. Kwa kawaida ni kama sekunde 0.4. Ukirefuka mno, pigo lisilo la wakati wake linaweza kuukuta moyo haujawa tayari, mapigo yakaenda ovyo, mtu akazimia au akafa ghafla.

Kwa malale hesabu si rahisi hivyo. Vimelea huleta uvimbe kwenye msuli wa moyo wenyewe, kwa hiyo si haki kuutupia ubongo lawama yote. Afadhali tu kwamba madhara hayo kwa kawaida ni mepesi kuliko yale ya Chagas, ndugu yake malale wa Amerika ya Kusini, ambao huuharibu moyo vibaya.

Kisha kuna dawa. Zamani mgonjwa ambaye ubongo wake umeingiliwa alidungwa melarsoprol, yenye sumu ya aseniki, iliyoua baadhi ya waliotibiwa. Fexinidazole, iliyojaribiwa Kongo chini ya uongozi wa Dakta Victor Kande na kukubaliwa 2018, ni vidonge vya siku kumi, vinavyomezwa baada ya kula. Ni nafuu kubwa, ila nayo hurefusha muda wa QT. Mgonjwa akitapika sana hupoteza potasiamu, na hatari huongezeka. Vivyo hivyo akichanganya na baadhi ya dawa za malaria, ambazo Maniema, mkoa wa Kindu na Kasongo, ndizo humezwa kwanza mtu akishikwa na homa. Muuguzi asiye na ECG hana budi kuuliza: umemeza nini wiki hii? Umewahi kuzimia? Kwenu kuna aliyekufa ghafla?