Mtoto Aliye Mikononi mwa Halmashauri

Hapa kwetu Miritini mtoto akifiwa na wazazi wake, hapana mtu aendaye ofisini kuuliza atalala wapi. Matanga yakiisha kuondolewa, wazee hukaa kitako wakasemezana: huyu mkubwa atakwenda kwa mjomba wake Mazeras, wa pili kwa mama mdogo Changamwe, na yule aliyeachishwa ziwa juzi atabaki na nyanya yake. Basi, shauri limekwisha. Hapana karatasi iliyoandikwa, wala hakimu aliyeulizwa neno.

Katika miji ya Uingereza mambo ni mbali. Huko mtoto asiye na wa kumlea, au ambaye nyumbani kwao hapana usalama, hupokewa na Halmashauri ya mahali pale, nayo huwa kama mzazi wake mbele ya sheria. Msomaji asidhani kwamba ni watoto wachache. Mwaka 2023 walihesabiwa zaidi ya 80,000 katika England peke yake, na karibu theluthi mbili yao walikuwa wakikaa katika nyumba za walezi, yaani watu wa kawaida waliochunguzwa na kukubaliwa, ambao Halmashauri huwapa fedha za kumtunza mtoto. Wengine hukaa kwa jamaa zao, na wengine katika nyumba maalum zenye wafanyakazi wa mshahara.

Mpango huo haukuzaliwa kwa siku moja, tena ulizaliwa kwa msiba. Mwezi wa Januari 1945 mtoto mmoja wa miaka 12, jina lake Dennis O'Neill, aliyekuwa chini ya Halmashauri ya Newport katika Wales, alikufa katika shamba huko Shropshire kwa kupigwa na kunyimwa chakula na mtu aliyekabidhiwa kumlea. Watu wa Uingereza waliona aibu kubwa. Baraza la uchunguzi likatoa taarifa yake mwaka 1946, na mwaka 1948 ikatungwa Sheria ya Watoto, ambayo iliamuru kila Halmashauri kubwa iwe na kamati ya watoto na afisa wake mwenye kazi hiyo tu. Sheria hiyo ilisema pia kwamba yafaa mtoto akae katika nyumba ya watu kuliko kukaa katika bweni.

Lakini sheria njema huandikwa katika karatasi, na watu ndio waitendao. Hapa nataka kueleza habari za mtu mmoja ambaye asili yake ni jirani zetu wa Uhabeshi.

Mwaka 1966 mwanamke kijana wa Uhabeshi alikwenda Uingereza kusoma, naye alikuwa mja mzito. Mwaka 1967 akajifungua mtoto wa kiume karibu na mji wa Wigan, si mbali na Manchester. Aliomba mtoto atunzwe kwa muda, mpaka atakapomaliza masomo yake. Karatasi za kumtoa mtoto moja kwa moja alikataa kuzitia sahihi. Walakini afisa wa ustawi alimpa mtoto jina lake mwenyewe, Norman, akamkabidhi kwa mume na mke wa Kizungu, akawaambia wamhesabu kuwa ni wao kabisa. Mtoto alikua akiwaita baba na mama, hana wengine awajuao. Alipofika miaka 12 walimrudisha kwa Halmashauri, wakamwacha. Tangu hapo alihamishwa kutoka nyumba moja ya watoto hata nyingine, jumla nyumba nne.

Alipokaribia kutoka katika ulinzi wa Halmashauri alipewa cheti chake cha kuzaliwa. Ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kwamba jina lake si Norman, bali ni Lemn Sissay. Pamoja na cheti ilikuwamo barua ambayo mama yake aliiandika mwaka 1968, akisihi arudishiwe mwanawe. Miaka yote ile barua ilikuwa imelala ndani ya faili. Mimi ni karani, na kazi yangu ni mafaili. Nakiri kwamba niliposoma habari hii niliweka kalamu chini.

Bwana Sissay alikuwa mshairi mwenye sifa, akawa Mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha Manchester tangu 2015 hata 2022. Aliidai Halmashauri ya Wigan kwa mambo aliyotendewa, nayo mwaka 2018 ikamwomba radhi na kumlipa. Kitabu chake cha habari za maisha hayo kilitoka mwaka 2019. Na jina lile Lemn, katika Kiamhara, maana yake ni "Kwa nini".

Tusiseme kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Ng'ambo ya pili ya Mombasa, upande wa Kisauni, ilianzishwa Freretown mnamo 1875 na wamisionari wa CMS, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa watoto wasioweza kueleza kwao ni wapi. Walilazwa katika mabweni, wakafundishwa shule, ukulima na kazi za mikono, wakapewa majina mapya ya ubatizo. James Mbotela, aliyeandika kitabu "Uhuru wa Watumwa", alitoka katika kizazi hicho. Mnara wa kengele yao ndio uliopaita mahali pale Kengeleni. Walipata wokovu wa kweli, hapana shaka. Lakini ni wangapi kati yao waliojua mama zao waliwaita nani?

Siku hizi Kenya nayo inayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kwa sheria hiyo, kumweka mtoto katika nyumba ya mayatima ni shauri la mwisho, baada ya kutafuta jamaa na walezi na kukosa. Imeitambua pia kafala ya Waislamu, ambayo kwayo mtoto hulelewa bila kuondolewa jina la baba yake. Mwaka huo huo Serikali ilitoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka katika nyumba hizo waende wakakae na watu. Kwa maneno mengine, twarudi kwenye lile shauri la wazee baada ya matanga, ila sasa sheria yataka liandikwe.

Na hapo ndipo sisi wa Miritini tunapopungukiwa. Si siku nyingi bibi mmoja alifika mezani kwangu ameshika mkono wa mjukuu wake. Mama wa mtoto alikwisha kufariki. Kadi ya kliniki ilipotea katika kuhama. Shule yataka cheti.

"Alizaliwa lini, mama?" nikamwuliza.

"Mwaka ule gari la moshi jipya lilipoanza kusimama hapa kwetu, mwanangu. Mvua ilikuwa imekwisha nyesha."

Nikaandika 2017. Kisha nikamwuliza jina la mama wa mtoto. Kabla bibi hajafumbua kinywa, mtoto mwenyewe alilitaja, jina lake, la baba yake na la babu yake, pole pole, akingoja niandike moja kabla ya kunipa la pili.