Kupiga Picha Namoratunga ya Lokori Bila Kuacha Alama

Si mbali na Mto Kerio, karibu na Lokori, kuna mwinuko wa mawe meusi ya volkano uliojaa makaburi ya kale. Kila kaburi limezungushiwa mawe yaliyosimamishwa wima, na baadhi yake yamechongwa alama: duara, mistari, mapinde. Hapo ndipo Namoratunga. Mahali hapa husemwa kuwa pana umri wa zaidi ya miaka 2,000, na ni miongoni mwa sehemu za Turkana Mashariki zinazompa mpenda matembezi na picha sababu nzuri ya kufunga safari.

Wageni wengi huichanganya na Namoratunga nyingine, ile ya nguzo 19 kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, ambayo masimulizi yanasema ni wacheza ngoma waliogeuka mawe. Ya Lokori haina umaarufu huo, lakini ina jambo lake la kuvutia. Mwaka 1977 watafiti Mark Lynch na Lawrence Robbins waliandika kwamba alama nyingi zilizochongwa hapa zinafanana na chapa ambazo Waturkana huwachoma mifugo wao. Kwa hiyo mtoto anayechunga mbuzi karibu na mwinuko huo anaweza kuona kwenye jiwe alama inayofanana na ile iliyo kwenye ngozi ya ng'ombe wa jirani yao.

Kwa mpiga picha, saa ndiyo kila kitu. Adhuhuri jua likiwa utosini, michoro hupotea kabisa na jiwe huonekana tupu. Jua linapochomoza, au saa moja kabla ya kuzama, mwanga huja kwa ubavu, kivuli kikaingia ndani ya mchongo na alama ikajitokeza yenyewe. Hakuna haja ya kupaka chaki, makaa wala maji ili michoro ionekane vizuri. Wapo wanaofanya hivyo wakidhani hawaharibu kitu, ilhali chaki hukwama kwenye mchongo, na kuisugua ni kuusugua mchongo wenyewe. Jiwe likisogezwa ili picha ipendeze, hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mpangilio wa mawe ndio unaoonyesha kaburi lilivyojengwa. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda maeneo ya aina hii, na uharibifu wake ni kosa.

Kuna suala la kutembea peke yako. Kwa mchungaji wa Turkana hilo si burudani, ni kazi ya kila siku: fimbo, maji, na ekicholong ya kukalia na kuegemeza kichwa. Mgeni hana ujuzi huo wa njia. Isitoshe, Turkana ni miongoni mwa kaunti sita ambazo baadhi ya maeneo yake serikali iliyatangaza kuwa hatari Februari 2023 kutokana na mashambulizi ya majangili. Anayetaka utulivu wa kutembea peke yake anashauriwa apitie kwanza ofisi ya chifu, aulize hali ya usalama ya siku hiyo, aseme anakoelekea na saa ya kurudi, kisha atafute kijana wa eneo hilo wa kumwongoza. Mwongozaji anaweza kukaa chini ya mgunga huku mgeni akipiga picha zake kimya. Akikuta laga imeanza kujaa, asivuke hata kama hapo hakujanyesha, kwani mvua ya milimani hufika bila mawingu.

Watu pia si mandhari. Mama anayechota maji mtoni au mzee aliye kivulini huombwa ruhusa kabla kamera haijainuliwa, na akikataa, imekwisha.

Mgeni anaweza pia kuisaidia njia aliyoipita. Kubeba chupa tupu za plastiki kurudi nazo mjini ni jambo la msingi. Kazi ngumu zaidi ni mathenge, ambao hapa huitwa etirae. Mti huu huziba vijia vya mtoni, na mwiba wake hutoboa hata akala. Kuukata juu tu ni kuupogoa, kwani kisiki huchipuka upya. Inafaa kung'oa miche ikiwa bado midogo, kwa idhini ya wenyeji, maana kuna familia zinazoutegemea kwa makaa na maganda yake kwa chakula cha mbuzi.

Lakini msaada ambao mpiga picha anauweza kuliko mtu mwingine ni picha zenyewe. Jiwe lililopigwa picha leo, likapigwa tena mwaka ujao kutoka upande uleule na saa ileile, huonyesha kama limepasuka, limesogezwa au limechorwa. Kinachohitajika ni tarehe, mahali, na kitu cha kupimia ukubwa kilichowekwa chini kando ya jiwe, si juu yake. Nakala zikiachwa kwa chifu na nyingine zikitumwa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, mtu atakayefika baadaye akakuta pengo palipokuwa na jiwe atakuwa na cha kulinganisha.