Dhahabu au zahabu: neno moja, safari ndefu

Katika makutano ya barabara ya Sonatubes, wilayani Kicukiro jijini Kigali, msemaji wa Kiswahili akitaja dhahabu na mwenzake akamjibu zahabu kwa Kinyarwanda, hawahitaji mkalimani.

Asili ya neno hilo ni Kiarabu, dhahab. Kiebrania nacho kina zahav, neno la ukoo huo huo. Lilishika mizizi pwani, ambako dhahabu ya Sofala iliutajirisha mji wa Kilwa, aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331. Kutoka pwani likaingia bara. Kinyarwanda hakina sauti ya dh, hivyo kikaweka z. Waganda nao husema zaabu.

Maana yake imevuka madini yenyewe: ni rangi, ni medali ya mshindi, ni jubilei ya miaka 50. Hata hivyo, wahenga walionya kwamba si kila king'aacho ni dhahabu.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Wapo wanaokiona bado kuwa lugha ya kigeni. Lakini neno hili linaonyesha kwamba kilikwisha kuingia katika Kinyarwanda zamani, bila kusubiri sheria.