Nyumba kuukuu kiwanjani: Ni mali au ni deni?

WAWEKEZAJI wadogo wanaotafuta ardhi ya bei nafuu huko Marekani hukutana mara kwa mara na tangazo la aina moja. Kiwanja kiko nje ya mji, maji na umeme vipo, bei iko chini ya ile ya viwanja vya jirani, na juu yake imesimama nyumba kuukuu ya kuhamishika ambayo muuzaji anasema inauzwa "kama ilivyo". Mnunuzi mgeni huiona nyumba hiyo kuwa ni nyongeza ya bure. Hesabu zikipigwa vizuri, mara nyingi nyumba hiyo huwa ni deni, na mlipaji wake ni yule anayesaini mkataba mwishoni.

Suala hili linawahusu pia wasomaji wenye ndugu huko Texas, North Carolina na majimbo mengine ambao wanafikiria kununua ardhi. Fedha za ununuzi wa aina hiyo aghalabu huwa ni akiba ya familia nzima, na kosa la dola elfu chache huweza kumaliza faida yote ya biashara.

Nyumba ya kuhamishika hujengwa kiwandani juu ya chesisi ya chuma yenye ekseli na magurudumu, kisha huvutwa na lori hadi kiwanjani na kuegemezwa juu ya nguzo za matofali. Kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2014 ya ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda wakopaji na watumiaji wa huduma za fedha, nyumba za aina hii zilikuwa karibu asilimia 6 ya nyumba zote zinazokaliwa nchini humo. Ni makazi ya watu wa kipato cha chini na wastaafu, hasa vijijini.

Wingi wa nyumba kuukuu unatokana na historia ya soko lenyewe. Katika miaka ya 1972 na 1973 viwanda vilipeleka sokoni zaidi ya nyumba 550,000 kila mwaka. Mwaka 1998 soko lilipanda tena na kupita nyumba 370,000, kisha likaporomoka. Mwaka 2023 nyumba mpya zilizotoka viwandani hazikufika 100,000. Kwa hiyo zile za miaka ya 1970 ambazo hazijabomolewa sasa zina umri wa takriban miaka 50, na nyingi hazina thamani ya kukopewa.

Tarehe ya kukumbuka ni Juni 15, 1976. Siku hiyo ndipo vilipoanza kutumika viwango vya taifa vya ujenzi na usalama vilivyotokana na sheria ya mwaka 1974. Nyumba iliyojengwa chini ya viwango hivyo hupewa kibati chekundu kwa nje, kimoja kwa kila sehemu ya nyumba. Nyumba ya kabla ya hapo haina kibati hicho. Wakopeshaji wengi huikwepa, na kaunti nyingi haziruhusu iingizwe kutoka kwingine. Maana yake kibiashara ni kwamba huenda nyumba hiyo haina pa kwenda, hata akipatikana mtu wa kuichukua bure.

KADI NI YA NANI?

Kikwazo cha kwanza ni karatasi. Katika majimbo mengi nyumba ya kuhamishika huandikishwa kama chombo cha barabarani, na hati yake ni mithili ya kadi ya gari. Huko Florida hati hizo hutolewa na idara ileile inayoandikisha magari, na nyumba iliyounganishwa kwa sehemu mbili huwa na hati mbili. Texas nayo ina ofisi maalumu inayotoa taarifa ya umiliki ya nyumba hizo.

Hivyo basi, hati ya ardhi peke yake haithibitishi kuwa nyumba iliyo juu yake ni ya mwenye ardhi. Inawezekana nyumba imeandikwa jina la mpangaji aliyehama zamani, la marehemu ambaye mirathi yake haikufunguliwa, au inashikiliwa na mkopeshaji ambaye hajalipwa. Mwenye ardhi akileta kijiko na kuibomoa kabla ya kujua, amebomoa mali ya mtu mwingine na anaweza kudaiwa fidia mahakamani.

Sheria zimeweka njia ya kutoka, lakini njia hiyo inahitaji subira. Huko Texas mwenye ardhi anaweza kuitangaza nyumba kuwa imetelekezwa endapo imekaa bila mtu kwa miezi minne mfululizo na deni linalohusika halijalipwa kwa wakati. Ni lazima ampelekee taarifa mwenye nyumba anayetambulika kwenye kumbukumbu, wenye madai na mkusanya kodi, kisha asubiri siku 45. North Carolina ilipitisha sheria mwaka 2008 inayoziwezesha kaunti kuweka mipango ya kushughulikia nyumba za aina hii zilizotelekezwa. Majimbo mengine yana taratibu zao, na mnunuzi anapaswa kuuliza za jimbo husika kabla ya kulipa arubuni.

Kama kuna mtu anaishi ndani, hilo ni shauri jingine kabisa. Mkaazi hatolewi kwa kukata umeme wala kwa kuvunja mlango. Anatolewa kwa amri ya mahakama, na mara nyingi ni mtu asiye na mahali pengine pa kwenda. Wanunuzi makini huona ni nafuu kuelewana naye muda wa kuhama na kumsaidia gharama za kuhamisha vyombo kuliko kuingia kwenye kesi ya miezi kadhaa. Makubaliano hayo huandikwa, na muuzaji huweza kutakiwa kuchangia.

NJIA TATU

Karatasi zikishakuwa safi, zipo njia tatu za kuiondoa nyumba. Ya kwanza ni kuiuza au kuitoa bure kwa mtu atakayeihamisha. Njia hii inafaa kwa nyumba yenye kibati chekundu, sakafu imara na chesisi isiyoliwa na kutu. Mhamishaji hutakiwa kuwa na kibali cha barabara kwa kuwa mzigo ni mpana kupita kiasi cha kawaida, na North Carolina inadai pia kibali cha kodi kutoka kaunti. Palipo na kodi ya nyuma, nyumba haitoki mpaka ilipwe.

Njia ya pili ni kuibomoa palepale. Umeme, gesi na maji hukatwa kwanza na mafundi wanaotambulika, na bomba la maji machafu huzibwa. Gesi iliyo kwenye jokofu na mashine ya kupoza hewa hairuhusiwi kuachwa ipotelee angani. Nyumba za zamani huweza kuwa na asbesto kwenye vigae vya sakafu na sehemu nyingine, kwa hiyo ukaguzi hufanywa kabla ya kuvunja. Baada ya hapo kijiko huivunja na kuipakia kwenye makontena ya taka, na dampo hutoza kwa tani.

Njia ya tatu ni kuivua kidogo kidogo kwa mikono. Chuma cha chesisi, ekseli, bati za alumini na nyaya za shaba huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Sehemu kubwa ya nyumba ni mbao nyembamba, mazulia, mbao za ukutani na sufi ya kuzuia baridi, vitu visivyo na mnunuzi. Chuma huweza kulipia sehemu ya gharama ya dampo, ila si busara kukitegemea kilipie kazi nzima.

Tuchukue mfano. Tuseme kiwanja kitupu chenye huduma zote katika eneo hilo kinauzwa dola 40,000, na kile chenye nyumba kuukuu kinatangazwa kwa dola 34,000. Mnunuzi anadhani ameokoa dola 6,000. Kubomoa na dampo ni dola 6,500, mwanasheria na taarifa za kisheria dola 900, kodi ya nyuma dola 700, na matengenezo ya shimo la maji machafu dola 1,200. Jumla ni dola 9,300. Vyuma chakavu vikirudisha dola 400, gharama halisi inabaki dola 8,900. Kwa hiyo bei ambayo mnunuzi hapati faida wala hasara ni dola 31,100. Akilipa dola 34,000 amepoteza dola 2,900, bila kuhesabu miezi ya kusubiri.

KILICHO CHINI YA NYUMBA

Hata hivyo, kuharakisha kubomoa nako kuna hatari yake. Thamani ya viwanja vya aina hii mara nyingi iko kwenye vitu ambavyo mnunuzi havitazami: kisima, nguzo ya umeme, shimo la maji machafu lenye kibali, na barabara ya kuingilia. Kijiko kikipita juu ya shimo hilo bila kujua lilipo, kimeharibu kitu kilicho ghali kuliko nyumba yenyewe.

Lipo pia suala la matumizi ya ardhi. Zipo kaunti na miji iliyopiga marufuku nyumba za kuhamishika katika maeneo fulani lakini ikaziacha zilizokuwapo kabla ya katazo. Haki hiyo ya zamani inaweza kupotea pale nyumba inapoondolewa na nyingine isiwekwe ndani ya muda uliopangwa. Mwenye kiwanja aliyetaka kuleta nyumba mpya huweza kujikuta na ardhi tupu asiyoweza kuitumia alivyokusudia. Swali hilo huulizwa ofisi ya mipango ya kaunti, na jibu huchukuliwa kwa maandishi, kabla ya kuivunja nyumba.

Bei ya chini nayo isimlewe mnunuzi. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya Marekani ilinunua matela na nyumba za kuhamishika kwa makumi ya maelfu kuwahifadhi waathirika. Vipimo vilivyofanywa baadaye viligundua hewa ya formaldehaidi katika mengi ya makazi hayo. Mwaka 2010 mengi yaliuzwa kwa mnada, na matela yakabandikwa onyo kuwa si ya kuishi watu. Pamoja na onyo hilo, baadhi yalikutwa yanakaliwa. Aliyeyanunua kwa bei ya kutupa akidhani atapangisha alikuwa amenunua mzigo ambao mwenyewe wa kwanza alikuwa akiukimbia.

Kwa mnunuzi mdogo, ulinzi mkubwa uko kwenye mkataba. Muuzaji anaweza kutakiwa aiondoe nyumba kabla ya siku ya kukabidhiana, au sehemu ya malipo ishikiliwe na wakala hadi kiwanja kiwe wazi. Akikataa yote mawili, mnunuzi achukue makisio ya maandishi kutoka kwa wakandarasi wasiopungua wawili, aongeze kodi na gharama za karatasi, kisha jumla yake aitoe kwenye bei ya kiwanja kitupu. Muuzaji asipokubali kushuka hadi hapo, kiwanja hicho bado ni ghali, hata kama tangazo linasema ni rahisi.