Kwa nini mashamba mengine ni ya duara?

Hebu fungua ramani ya satelaiti kwenye simu ukiwa Kashaulili, hapa Mpanda. Utaona mabati ya mji, halafu mashamba ya kila umbo. Sasa sogeza ramani kaskazini mpaka Missenyi, Kagera, kwenye miwa ya Kagera Sugar: miduara ya kijani, kama mtu kapanga sahani mezani.

Umbo hilo linachorwa na mashine. Katikati ya shamba kuna nguzo inayopokea maji. Kutoka hapo linatoka bomba refu, mara nyingi kama mita 400, limebebwa na minara yenye magurudumu. Linazunguka kama mshale wa saa huku likinyunyiza. Mkulima wa Marekani, Frank Zybach, alipewa hataza yake mwaka 1952.

Utamu wote uko kwenye hesabu. Mnara wa mwisho unatembea kilomita 2.5 kwa mzunguko mmoja, ule wa katikati ya bomba nusu yake tu, na lazima wamalize pamoja. Inakuwaje bomba halikatiki? Mnara wa nje ndio unaoongoza. Bomba likianza kupinda kwenye kiungo, swichi inawasha mota ya mnara uliobaki nyuma, unajivuta mpaka mstari unyooke, kisha unasimama tena. Nusu ya ndani ya bomba inamwagilia robo tu ya shamba, kwa hiyo matundu ya kunyunyizia yanaongezwa ukubwa kadiri unavyokwenda nje. Na kama shamba ni la mraba, pembe zake zinabaki kavu: asilimia 21 ya eneo. (Wanaopenda pai, jaribuni wenyewe.)

Je, ingefaa Katavi? Kwa mpunga, sidhani. Mpunga wetu unataka maji yatulie kwenye majaruba. Kwa mahindi, labda. Ila duara hilo moja lina hekta 50, na kulipa milimita 10 tu za maji unahitaji lita milioni 5. Mto Kagera unatiririka mwaka mzima. Mto Katuma, ambao maji yake yamekuwa yakichepushwa kwenda kwenye mpunga kabla hayajafika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kiangazi unabaki vidimbwi vya matope, viboko wamebanana humo kama abiria wa daladala. Hizo lita milioni 5 za mwezi Septemba zingetoka wapi?