Kanuni za Tungamo: Chuma cha Gitega, Dhahabu ya Muyinga

Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nacho hupimwa kwa mizani. Hesabu za kemia zimejengwa juu ya kanuni tatu za tungamo.

Ya kwanza ni kanuni ya hifadhi ya tungamo, iliyofafanuliwa na Mfaransa Antoine Lavoisier mwaka 1789: katika mmenyuko wa kikemia, maada haiongezeki wala haipungui. Ufuaji wa chuma unaithibitisha. Katika nyanda za kati za Burundi, upande wa Gitega, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za kale za chuma. Ndani ya tanuri ya namna hiyo, makaa yanayopulizwa kwa mivukuto hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoyanyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake. Gramu 160 za hematiti, ambayo ni oksidi ya chuma, zikimenyuka na gramu 84 za gesi hiyo, hutoka gramu 112 za chuma na gramu 132 za kaboni dioksidi. Jumla ni gramu 244 kabla na baada. Anayepima chuma peke yake atadhani gramu 48 zimepotea, kumbe ni oksijeni iliyotoka na moshi.

Ya pili ni kanuni ya uwiano usiobadilika, aliyoitetea Joseph Louis Proust mwishoni mwa karne ya 18. Msombo safi huwa na elementi zilezile kwa uwiano uleule, kokote utokako. Hematiti safi ya Burundi au ya Brazili ina chuma asilimia 70 hivi, na inayobaki ni oksijeni. Mchanganyiko haufungwi na kanuni hii. Dhahabu ya asili, ikiwemo ile ya wachimbaji wadogo wa Muyinga, hubeba madini ya fedha kwa kiasi kinachotofautiana, na ndiyo maana hupimwa usafi kabla ya kupangiwa bei.

Ya tatu, ya uwiano wa mafungu, ni ya Mwingereza John Dalton. Gramu 12 za kaboni huungana na gramu 16 za oksijeni kupata kaboni monoksidi, au gramu 32 kupata kaboni dioksidi: oksijeni ya kwanza na ya pili zina uwiano wa 1 kwa 2 kamili. Dalton alieleza kwamba atomu huungana zikiwa nzima, hazigawanyiki vipande. Katika mmenyuko hupangwa upya tu. Idadi yake haibadiliki, na tungamo pia.