Freni mpya zinalia: tufanye nini?

Ndugu wafanyakazi, wengi kati yetu wanatengeneza motokari yao wenyewe siku ya mapumziko. Mtu ananunua plakete na disiki mpya, anazifunga, anatoka barabarani, na freni zinaanza kulia kuliko zile za zamani. Jirani anamwambia: «Paka mafuta kidogo, itanyamaza.» Kweli itanyamaza, lakini motokari haitasimama tena. Kelele peke yake mara nyingi haiui mtu. Dawa mbaya ya kelele ndiyo inaua.

Kelele inatoka wapi?

Ukikanyaga pedali, etriye inabana disiki katikati ya plakete mbili. Kama plakete haikukaa vizuri, inatetemeka mara maelfu kwa sekunde moja, na sikio linasikia mlio mwembamba. Sababu za kawaida ni hizi:

1. Disiki mpya inapakwa mafuta kiwandani ili isishike kutu. Hayo hayakusafishwa.

2. Kutu ilibaki pale disiki inapokaa, basi disiki inayumba.

3. Vyuma vidogo vinavyoshika plakete, au bati la mgongoni, vilitupwa pamoja na plakete za zamani.

4. Misumari ambayo etriye inatelezea juu yake imekauka.

5. Plakete mpya hazikuzoezwa na disiki mpya.

Jihadharini na vumbi

Hapa munganga anataka kusema neno. Vumbi jeusi la freni si uchafu wa bure. Plakete nyingi za zamani zilikuwa na amianti, na mpaka leo zile zisizojulikana zinatoka wapi zinaweza kuwa nayo. Ufaransa ilikataza amianti tangu 1997. Nyuzi zake hazionekani kwa macho. Zikiingia katika mapafu zinabaki humo, na ugonjwa, hata kansa, unaweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au 40. Sisi wa migodi tunavuta vumbi la kutosha kazini, tusiongeze lingine nyumbani.

Kwa hiyo usipulize freni kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Usipanguse kwa brashi kavu. Lowesha kwa maji yenye sabuni, pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha weka kitambaa hicho katika mfuko na kuufunga. Watoto wakae mbali. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, na mama asizikung'ute kabla ya kuzitia majini.

Namna ya kutengeneza

Simamisha motokari mahali sawa, vuta freni ya mkono, weka mawe au vipande vya mti kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza kwanza bulo za gurudumu, kisha inua kwa kriki. Usitie mkono wala kichwa chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Weka shandeli, yaani miguu ya chuma. Tofali zinapasuka.

Toa plakete na disiki. Ondoa kutu mahali disiki inapokaa, kwa kulowesha. Safisha disiki pande zote mbili kwa dawa ya kusafishia freni, au kwa maji moto na sabuni, na kuikausha vizuri. Esansi hapana: inawaka moto, na mvuke wake ni sumu.

Rudisha vyuma vidogo vyote na bati za mgongoni. Paka grisi ya kuvumilia moto, kidogo sana, mgongoni mwa plakete. Kwenye misumari yenye mpira tumia grisi isiyoharibu mpira. Uso wa plakete na uso wa disiki usiguswe na grisi hata tone. Plakete iliyolowa mafuta itupwe, na ibadilishwe pamoja na zile za gurudumu la upande wa pili.

Funga bulo kwa kuvukana, si kwa kufuatana. Sasa neno kubwa: kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Ulipofunga plakete mpya ulisukuma pistoni nyuma. Mkanyago wa kwanza unakwenda bure mpaka chini. Tazama pia kiasi cha maji ya freni.

Kisha zoeza freni mahali pasipo watu. Punguza mwendo toka 50 mpaka 15 km kwa saa, polepole, bila kusimama kabisa, mara kumi hivi. Kati ya mara moja na nyingine acha gari itembee ili freni zipoe. Katika safari za kwanza usikanyage kwa nguvu pasipo lazima.

Mlio gani ni wa hatari?

Mlio wa asubuhi, baada ya umande au mvua, unaokwisha baada ya kukanyaga mara chache, si kitu. Lakini chuma kikikwaruza chuma, gari ikivuta upande mmoja, pedali ikiwa laini, au gurudumu likinuka na kuwa moto sana, simama. Usijaribu kufika nyumbani hivyo, ita fundi.

Ndugu, freni si yako peke yako. Ni ya mtoto anayevuka barabara mbele yako. Afadhali ilie kuliko kunyamaza na kukataa kusimama.